Sauti Ndani ya Mukebe

Sehemu ya Saba

Kikapu kilianguka.

Samaki wa moshi wakatawanyika kwenye baraza la duka la Goodson. Kuku wakafika kabla ya watu. Mama Dorica hakuinama kuokota hata samaki mumoja, maana alikuwa anaangalia redio, na redio ilikuwa inaimba kwa sauti yake.

Ndiyo, musomaji, ni pale tulipoachana juma lililopita. Wewe ulikwenda kula ugali wako. Yeye amebaki amesimama siku saba, mukono hewani. Haya, twende tumushushe mukono.

Redio yenyewe ni ile ya duara, ya buluu, inafanana na sufuria. Kila Jumamosi saa kumi na moja Goodson anaiweka juu ya sanduku, na wanaume wa Kabuta wanakaa mbele yake wametulia kuliko wanavyotulia kanisani.

Ikaimba:

“Mutumbwi, piga hodi kivukoni,
kivuko kiko na mwenyewe.
Agness, mwanangu,
kivuko kiko na mwenyewe.”

Kama wewe ni mwanamuke wa huku ziwani, umekwisha kuelewa na umekwisha kuona haya. Kama wewe ni mwanaume, haikukuhusu. Huo ni wimbo wa chisungu. Unaimbwa mulango umefungwa, siku binti anafundishwa mambo ya ndoa. Mwanamuke anayefundisha anaitwa nachimbusa. Na nachimbusa wa Kabuta ni nani? Ni huyu aliyesimama katikati ya kuku.

Wimbo ukakatika. Akaingia musemaji wa redio, mwanaume wa Lusaka, sauti yake laini kama imepakwa mafuta. Alicheka kwanza.

“Mumesikia, mabwana? Wanawake wa ziwani hao! Banataka mutumbwi upige hodi! Mimi nasema, hodi ya nini? Ingia tu!”

Baraza likapasuka.

“Ingia tu!” akapiga kelele mumoja.

“Ingia tuuu!” wakajibu wote.

Aliyecheka kuwapita wengine alikuwa Watson, mwenye sitoo, ghala la samaki, na mitumbwi minne. Watson ni mutu wa kwenda Kasenga, ng'ambo kwa Wabelgiji, na kurudi na Kifaransa mudomoni kama pipi.

“Bon! Ba Dorica, kumbe njo mambo munafundisha mule ndani? Mais, mungetuita na sisi!” (“Ba” huku kwetu ni neno la heshima, kwa mwanaume na kwa mwanamuke.)

Pembeni yake alikaa Fanwell, mutoto wa dada yake, kijana aliyebakiza majuma mawili tu amuoe Agness, Agness yule yule wa wimbo. Fanwell hakucheka. Aliangalia vidole vyake vya miguu. Kuna watu wanaofikiri kutocheka ni ushujaa. Fanwell ni mumoja wao.

Mama Dorica akageuka akaondoka. Samaki wake akawaachia kuku.

*

Nyumbani kwake wanawake sita walikuwa wanamungoja. Mbele yao Mama Mpundu, mikono kiunoni.

“Ulituuza,” akasema Mpundu.

“Sikuuza mutu.”

“Sauti imetoka Lusaka. Ilifika kule kwa miguu?”

“Mpundu, unakumbuka yule Kalaba, mutu wa redio? Alikuja mwezi wa sita, akaomba nyimbo za kutwanga. Tukamuimbia za kutwanga.”

“Hii siyo ya kutwanga!”

“Ngoja nimalize. Jua lilikuwa kali. Akasema mashini yake inaogopa jua, akaiacha ndani ya nyumba yangu, akaenda kula kwa Goodson. Siku ile njo siku ya Agness. Munakumbuka?”

Walikumbuka. Agness, mutoto wa marehemu mudogo wake Dorica, alikuwa na miaka ishirini. Chisungu yake ilichelewa kwa sababu ya shule ya misheni, na sasa yeye mwenyewe anafundisha watoto kusoma. Walikuwa na siku ileile tu ya kumuweka ndani.

“Na mashini ilikuwa kwenye kona,” akasema Dorica. “Nani aliifunika?”

Wengine wakageuka kumwangalia Mpundu.

“Nauliza, nani aliifunika?”

“Mimi,” akasema Mpundu polepole. “Na kitenge changu.”

Usicheke, musomaji, au cheka kidogo tu. Mwaka uliopita watu wa sinema walikuja Kabuta na kamera, na wanawake hawa waliona wenyewe: jicho la kamera likifunikwa, kamera imelala, haichukui kitu. Kwa hiyo mashini ya Kalaba nayo waliifunika vizuri, wakaibana kitenge pembeni kama mutoto aliyelala, wakaimba bila woga. Hakuna hata mumoja aliyefikiri kwamba mashini hii haikuwa na jicho. Ilikuwa na sikio, na sikio halina kope.

Mpundu akakaa chini. Halafu akasimama tena, maana mwenye kosa mara nyingi anasimama kuliko asiye nalo.

“Kufunika tulifunika sote. Lakini sauti ni yako, na jina ni la binti yako. Usiguse binti wa mutu tena mpaka jambo hili liishe.”

Miaka kumi na tisa Dorica amefundisha mabinti wa Kabuta. Kuivunja imechukua kitenge kimoja.

*

Jumapili wimbo ulikuwa kwenye mitumbwi. Jumatatu ulikuwa kwenye njia ya baiskeli za samaki. Wale vijana wanaopeleka mizigo bara walikuwa wanapiga kengele na kuimba, lakini maneno ya Dorica walikwisha kuyatupa. Walibakiza ya yule bwana wa Lusaka.

“Ingia tu, Agness! Ingia tu!”

Agness alishuka ziwani kuchota maji. Mutumbwi mumoja ukageuza pua ukamfuata pembeni ya matete, taratibu, wanaume watatu wanacheka.

“Mwalimu! Tufundishe na sisi!”

Alijaza ndoo. Hakukimbia. Alifika nyumbani na ndoo nusu, maana mikono ilikuwa inatetemeka, akaingia shuleni akakuta maneno yaleyale yameandikwa ubaoni kwa chaki. Akayafuta. Akaandika tarehe. Akafundisha.

Jioni Watson akaja kwa Dorica, kofia kichwani, Fanwell nyuma.

“Hodi,” akasema Fanwell.

“Hodi ya nini?” akasema Watson, akajichekesha mwenyewe. Akavuta kigoda akakaa. “Ba Dorica, mimi siko mutu wa maneno mengi. Tulikuja hapa kutafuta bibi arusi. Hatukutafuta redio.”

“Mutoto amekosa nini?”

“Yeye? Sijui. Lakini jina lake bwana, kila mutumbwi unalo. Kasenga banaimba. Wagiriki wa kununua samaki banaimba! Jumamosi, kwa Goodson, mbele ya batu, tutakata maneno. Kila mutu na njia yake.”

Agness alikuwa mulangoni. Hakumwangalia Watson hata mara moja. Alimwangalia kijana.

“Fanwell. Na weye unasema nini?”

Fanwell akamwangalia Watson. “Bayama bamesema.”

Bayama ni mujomba, kaka ya mama. Huku kwetu mujomba akisema, mupwa anakuwa na ulimi wa mapambo.

“Basi,” akasema Agness. “Bayama wako banajua kusema. Na kunyamaza banajua.”

Watson akasimama haraka kidogo. Kigoda kikaanguka. “Unasema nini, weye?”

“Nimesema kwaheri, Ba Watson.”

Na Mama Dorica, ambaye kwa kawaida hakosi neno, aliangalia chini kama mutu anayetafuta sindano.

Ulimuona, musomaji? Mimi nilimuona.

*

Jumatano gari la redio likaonekana Nchelenge, kwenye nyumba ya wageni. Dorica akapanda nyuma ya baiskeli ya samaki, akafika na nguo zinanuka moshi, akamkuta Kalaba anafuta kiatu.

Kalaba alikuwa kijana wa miaka thelathini, miwani, kalamu mbili mufukoni. Alipomuona Dorica akaacha kiatu.

“Mama. Karibu, mukwai. Kaa,” akasema kwa heshima.

“Sikai. Mwambie bwana wako wa Lusaka aache kuufungua ule wimbo.”

“Mama, haiwezekani. Jumamosi utafunguliwa tena. Tumepata barua.” Akaingia ndani akatoka na fungu. “Thelathini na saba! Hakuna programu imepata barua hivi. Banasema rudieni, rudieni.”

“Zimeandikwa na nani?”

“Na wasikilizaji.”

“Kalaba. Wasikilizaji gani?”

Akaanza kusoma majina. Bwana fulani wa Kawambwa. Musafwa wa Fort Rosebery. Karani wa mgodi. Alipofika la kumi akaacha mwenyewe.

“Hakuna mwanamuke,” akasema.

“Hakuna aliyeulizwa. Na weye ulijua. Ulisikia ni wimbo wa chisungu. Mama yako alikuzaa Elisabethville lakini ni mutu wa huku, ni Mulunda. Ulijua.”

Kalaba akavua miwani. “Nilijua.”

“Juu ya nini ulifanya hivyo, sasa?”

“Nilisahau kuizima mashini, Mama, hiyo ni kweli, naapa. Niliposikiliza usiku nilicheka. Nikampa bwana akacheka. Halafu ikawa kazi.” Akapangusa miwani ambayo haikuwa chafu. “Lakini kuna jambo lingine. Heri umekuja. Mbele ya wimbo kuna mazungumzo.”

Dorica akakaa.

“Mazungumzo gani?”

“Wengine walikuwa nje bado, wanatwanga. Mulikuwa wawili. Binti analia. Anataja mutu.”

Nje, mwenye baiskeli alikuwa anapiga kengele yake tu, kwa kuchoka kungoja.

“Bwana wa Lusaka aliyasikia?” akauliza Dorica.

“Aliyasikia. Nilimwambia, bwana, hii ni kesi, mutu amemutendea binti ubaya. Akasema, kata kwa makasi, tupa. Akasema haifai kwa programu.” Kalaba akashusha sauti. “Akasema haichekeshi.”

Akatoa sandukuni mukebe wa sigara, wa bati, mudogo. Ndani kulikuwa na utepe wa mashini umekunjwa kama utumbo wa kuku.

“Sikutupa. Sababu sijui. Chukua.”

Dorica akapokea.

“Mama,” akasema Kalaba, “sauti ya pili ni yako. Ile inayomujibu.”

“Najua ni yangu,” akasema Dorica. “Nilikuwa nimo.”

*

Sasa nikuambie, musomaji, maana mwenyewe hawezi kulisema mapema hivi.

Siku ile, kabla wengine hawajaingia, Agness alimushika Dorica magoti akamwambia jambo. Na Dorica, nachimbusa, mwanamuke aliyefundisha miaka kumi na tisa kwamba kivuko kiko na mwenyewe, alimujibu kwa maneno machache. Maneno hayo ndiyo yalikuwa kwenye mukebe. Watu wakiyasikia, hatakuwa nachimbusa tena, si mwezi huu wala mwezi wowote.

Alishuka kwenye baiskeli kabla ya kufika Kabuta. Akatembea pembeni ya maji, peke yake, mukebe kifuani.

Mweru ni ziwa pana. Mukebe ni mudogo. Bati linazama. Nani angejua? Kalaba angeshukuru. Watson angelala. Wimbo ungechakaa kama nyimbo zote, watu wangepata kicheko kingine.

Aliingia majini mpaka magoti. Akainua mukono.

Wanawake waliokuwa wanaanika samaki wanasema alisimama hivyo muda wa kupindua chanja nzima. Halafu alitoka, nguo inatiririka, akaenda moja kwa moja nyumbani akauweka mukebe kwenye mapaja ya Agness.

“Ni nini, Mayo?” akauliza. Mayo, huku kwetu, ni mama.

“Ni sauti yako. Mashini ilisikia na ile.”

Agness hakuugusa. Uso ukawa wa mutu aliyemwagiwa maji ya ziwa asubuhi.

“Yote?”

“Yote. Yako na yangu.”

“Nani anajua?”

“Kalaba. Na bwana wake wa Lusaka, yule wa kuchekesha.” Dorica akapiga magoti mbele ya mutoto, jambo ambalo mukubwa hafanyi. “Mwanangu, nilikuwa nimekwisha kuinua mukono niutupe.”

“Ungetupa tu, Mayo.”

“Si sauti yangu ya kutupa. Siku ile nilikuambia la kufanya. Leo sikuambii.”

Nje mutu alipita na baiskeli, anaimba. Unajua anaimba nini.

“Wao banasikiliza mashini kuliko mutu,” akasema Agness. “Basi banisikie kwenye mashini. Jumamosi, pale pale, mbele ya wale wale waliocheka.”

“Watakucheka tena.”

“Bacheke. Sitaki fidia, Mayo. Sitaki afungwe, hata. Nataka kitu kimoja. Aseme ndiyo. Kwa mudomo wake, mbele ya batu: ndiyo, alisema hapana na mimi nilifunga mulango. Basi. Halafu nitaweza kuandika tarehe ubaoni bila kutetemeka.”

“Na mimi je, wakinisikia?”

Agness akamfuta machozi kwa kiganja, lakini hakusema kwamba haidhuru, maana ilidhuru.

*

Jumamosi, saa tisa, baraza la Goodson lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mifuko ya chumvi. Wanawake upande wa kushoto, na vigoda vyao. Mukubwa wa kijiji, Muzee Jairos, mutu wa haki lakini masikio mazito, alikaa mbele. Watson alivaa koti.

“Bon,” akaanza Watson. “Habari mnazijua. Binti ameimbwa. Familia yetu...”

“Ba Watson, pardon,” akasema Agness. “Kabla ya kukata maneno, kuna programu.”

Watu wakacheka. Programu! Kalaba akaingia na mashini, jasho linamutoka, akaiweka juu ya sanduku pale pale pa redio. Vijana wakasogea mbele. Mumoja akasema, “Ingia tu!” na wengine wakamufurahia.

Utepe ukazunguka. Kwanza ikatoka sauti ya kinu nje ya nyumba, tu, tu, tu. Halafu Agness.

“Mayo, kabla hamujanifundisha, kuna neno. Mwezi uliopita nilipeleka chumvi kwenye sitoo ya Ba Watson. Alifunga mulango. Nilisema hapana, Mayo. Nilisema mara nyingi.”

Kinu. Kilio. Kinu.

“Nani mwingine anajua?” Hiyo ilikuwa sauti ya pili.

“Hakuna.”

“Basi nyamaza, mwanangu. Olewa. Ndoa itafunika.”

Utepe ukafika mwisho, ukawa unapiga hewa, tra, tra, tra, mpaka Kalaba akauzima.

Hakuna aliyecheka. Fanwell alikuwa ameinua uso kwa mara ya kwanza katika juma zima. Muzee Jairos akakamata sikio. “Amesema nani?”

“Watson,” akasema Goodson kwa sauti. “Amesema Watson, muzee.”

Watson alikuwa amekaa vilevile, mukono kwenye goti. Akatabasamu. Sitasahau lile tabasamu.

“Muzuri sana. Nimependa. Mais, mabwana, redio si iko na batu ba kuigiza? Leo anakuwa mufalme, kesho anakuwa mbwa, ni sauti tu. Huyu Kalaba anakula kwa kazi hiyo. Amelipwa kunichafua. Mashini inasema uongo, kila mutu anajua.”

Na wanaume, walewale wanaume, wakaanza kutikisa kichwa. Kweli. Mashini. Ni ya kuigiza. Juma lililopita wimbo ulikuwa kweli tupu, kila neno, hakuna aliyeuliza. Leo binti analia, na ghafla mashini ni muongo.

“Ni kweli hiyo ni sauti ya binti,” akasema mumoja, “lakini labda walijaribu tu mchezo...”

Agness alisimama katikati. Alikuwa amekwisha kusema. Mara mbili. Neno la tatu hakuwa nalo.

Ndipo Mama Dorica akasimama.

“Ile sauti ya pili ni yangu.”

“Ba Dorica, kaa,” akasema Watson.

“Mimi siko mashini. Muniangalie. Munijue. Niliambiwa jambo hili na mutoto wangu mwenyewe, mikono yake iko juu ya magoti yangu, na nikamwambia nyamaza. Niliogopa mitumbwi minne. Niliogopa aibu. Nilitaka ndoa. Kama ni uongo, juu ya nini nitajipakaa mavi mimi mwenyewe mbele yenu?”

Hapo hata Muzee Jairos alisikia.

Mama Mpundu akainuka upande wa wanawake. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira, ingekuwa nafuu.

“Ulijua. Na ukamufundisha kuingia nyumba ile. Kupika chakula cha mutu yule. Kumupokea kwa magoti.”

“Nilijua.”

“Na mimi nilikuletea binti zangu watatu, Dorica.”

Akabeba kigoda chake. Wa pili akabeba. Wakapita mbele ya Dorica mumoja mumoja, wakaenda kukaa karibu na Agness, wakamuzunguka, na upande wa kushoto akabaki mwanamuke mumoja peke yake, amesimama, na sakafu tupu.

Hakulia. Alikuwa amelipata alilokuja kulitafuta: waliamini.

“Watson,” akasema Muzee Jairos, “jibu. Ndiyo ao hapana. Jumatatu ninapeleka maneno haya boma, yaandikwe. Lakini kwanza jibu hapa.”

Agness aliinua kichwa katikati ya wanawake. Alikuwa anangoja. Neno moja.

Watson akafungua mudomo. Akaangalia wanaume wake, na wanaume waliokuwa wanatikisa kichwa walikuwa sasa wanaangalia chumvi.

“Nitajibu kwenye biro ya boma, siyo kwenye baraza la duka,” akasema. “Niko na kazi Kasenga. Fanwell! Mutumbwi.”

Fanwell akasimama.

Watu wakampisha. Alipita karibu na Agness, karibu kabisa, akasimama pumzi moja. Halafu akamufuata mujomba wake mpaka majini, akachukua kasia, akasukuma mutumbwi, akapanda.

“Amekwenda naye,” akasema Mpundu. “Mbwa.”

Jua la saa kumi lilikuwa juu ya maji na mutumbwi ukawa mweusi, watu wawili weusi ndani, mumoja amekaa, mumoja anapiga kasia. Ukapita matete. Ukapita nyavu za mwisho. Ukawa mudogo kama kucha.

Halafu kasia likasimama.

“Wanafanya nini?” akauliza Goodson.

Yule aliyekaa akasimama. Wakawa wamesimama wawili, uso kwa uso, mutumbwi unayumba. Mukono ukainuka. Sauti ilikuja juu ya maji, lakini hakuna aliyekamata maneno, na safari hii hakukuwa na mashini.

Agness akatoka katikati ya wanawake akakimbia. Aliingia majini na nguo, mpaka kiunoni, akapiga kelele kuita jina, na upepo ukalirudisha mudomoni mwake.

“Hapana! Fanwell! Bado hajasema! Hajasema!”

Kule mbali mutumbwi ulilala ubavu, ukarudi sawa.

Ndani alikuwa amesimama mutu mumoja. Yupi, kwa mbali ile hakuna aliyeweza kuona.